Shylock wawili usiku mmoja

Mambo besti,

Za huko? Sisi tupo, mvua na matope tu. Juzi nimelala saa tisa usiku afu kazini nikasinzia mpaka bosi kanistukia, na yote sababu ya kipindi cha zamani cha Waingereza, Playing Shakespeare, walikirekodi 1982 kwa ajili ya tivii ya London Weekend.

Usiwaze mambo ya majoho na mapanga. Ni mzee mmoja dairekta, John Barton, kavaa zake sweta, kakaa na waigizaji wa Royal Shakespeare Company, kina Judi Dench na Ian McKellen, wanasoma mistari, anawakatisha, wanabishana, wanarudia. Anawaonyesha ule mstari wa silabi 10, moja nyepesi moja nzito, nikamkumbuka ticha wetu wa Kiswahili alivyokuwa anagonga meza kuhesabu mizani 16, nane kwa nane, ila sisi tulikuwa tunahesabu tu, hawa wanasikilizia uzito unadondokea wapi.

Sasa utamu wenyewe. Patrick Stewart (yule kipara wa X-Men) na David Suchet (yule wa Poirot), wote wawili Barton alishawahi kuwachezesha Shylock, yule Myahudi mkopesha hela kwenye tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice (yaani mfanyabiashara wa Venisi), kwa hiyo kawaweka pamoja kila mtu aonyeshe wake. Kuna pale Tubal, Myahudi mwenzake, anamletea Shylock habari, meli ya Antonio, yule mfanyabiashara adui yake, imezama, Shylock anafurahi, hajamaliza kufurahi anaambiwa bintiye huko alikotoroka kabadilisha pete kwa tumbili, na pete yenyewe Shylock alipewa na mkewe Leah enzi za ujana! Nikapoz hapo, nikaenda kunywa maji. Stewart anasema huyu ni mtu wa hela kwanza, Uyahudi ukiushikilia sana unakupoteza, ndo maana kamfanya bahili, nguo zimechakaa. Suchet, ambaye ukoo wa babake ni Wayahudi, hakubali kabisa, anasema huyu ni mtu wa nje kwenye mji wa wenyewe, ukilitoa hilo umebaki na nini?

Mi mwanzo nilikuwa upande wa Suchet. Afu likanijia jina la tafsiri ya Nyerere. Shakespeare kwenye jina kasema mfanyabiashara mmoja, Mwalimu kaandika Mabepari wa Venisi, MABEPARI besti, wengi, na ni 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Yani Antonio na wenzie wote wanaojifanya wema kawatia kwenye kapu moja na Shylock. Stewart angefurahi, ila naona Mwalimu kaenda mbali kuliko yeye, maana Stewart anamsema mmoja, Mwalimu kausema mji mzima.

Sasa kile kitabu changu ulichoazima tangu fomu foo, nirudishie bwana, au nipigie picha ukurasa wa Tubal. Nataka nione hiyo ya pete na tumbili Mwalimu kaisemaje.

Wako yuleyule