Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulitimiza ahadi ya kumkumbuka Jim Reeves, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, miaka 60 tangu atutoke. Mambo mengine ya chama yalikwenda kama kawaida, na hesabu atazisoma mweka hazina.

Wengi wetu hapa Kenya tuliijua sauti yake redioni kabla hatujaiona sura yake. Alizaliwa mwaka 1923 katika Kaunti ya Panola, Texas, na alichokitaka kwanza ni besiboli. Jeraha likamtoa uwanjani, akawa mtangazaji wa redio. Naamini huko ndiko alikozoea kusema na msikilizaji mmoja mmoja. Mwanzoni aliimba kwa kupaza sauti kama wenzake, kisha akaishusha, akasogeza midomo hadi karibu iguse kipaza sauti. “He'll Have to Go” ulikaa kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani wiki 14 mwaka 1960. Tuliucheza mwezi Julai kwa santuri ya mzee wetu mmoja, jalada lake limezungushiwa utepe pembe zote, na wanachama wakaomba urudiwe.

Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirusha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja kutoka Batesville, Arkansas, kurudi Nashville, pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Wakiwa wamekaribia kabisa kufika, wakaingia kwenye mvua kubwa ya radi, na ndege ikaanguka msituni. Ilitafutwa siku mbili, na wanamuziki wenzake walikuwa miongoni mwa watafutaji. Alikuwa na miaka 40 tu. Inaniuma hadi leo, maana nyumbani hapakuwa mbali.

Baadhi yenu mlitaka kikao kizima kiwe cha ajali. Nilikataa, na msimamo wangu ni uleule: tuwape vijana nyimbo kwanza. Mjane wake, Mary, ndivyo alivyofanya. Aliendelea kuzitoa rekodi alizoziacha mumewe, na “Distant Drums” ikashika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, mwenyewe akiwa kaburini miaka miwili.

Mwakani kamati inapendekeza tumkumbuke Patsy Cline, mwimbaji mwingine wa kantri, ambaye naye alifia kwenye ajali ya ndege huko Tennessee, Machi 1963. Mwenye santuri zake amwone katibu mapema, na ambao hawajamaliza ada wamwone mweka hazina leo kabla ya kutawanyika.

Mwenyekiti