Wapeni wanafunzi tatizo, msiwape mashine

Mhariri,

Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, ulianza katika sekondari mwaka 2024, nasi tunaofundisha ufundi huku Kigoma tuna hofu moja. Karakana inaweza kujaa vifaa na desturi ikabaki ileile: mwalimu anabandika mchoro, wanafunzi wanapima, wanakata, wanachomelea, na aliyenakili vizuri ndiye anayepata alama. Hapo tunapata mchomeleaji, na wachomeleaji tunawahitaji. Usanifu ni kazi nyingine. Huanza pale mchoro unapokosekana na majibu yanayofaa yakawa matano au sita.

Chukua swali kama hili: "Tengeneza kikaushio cha dagaa kinachotumia jua." Limeshajijibu. "Kikaushio" limefunga mlango mmoja, "jua" limefunga wa pili, kilichobaki ni kupiga misumari. Shida yenyewe, kwenye mialo (mitumbwi inaposhushia samaki) ya Ziwa Tanganyika kama Kibirizi na Katonga, ni kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi huanikwa, na mvua ikiwakuta kabla hawajakauka huharibika au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Liandike hivyo na milango inafunguka: kuwauza wabichi kwenye barafu, kuwatia chumvi ili wasubiri jua, kuwakausha kwa moshi, chanja chenye turubai la kuvuta, banda la nailoni la kunasa joto la jua, tanuri.

Majirani zetu wa Tabora wana mfano wao. Mwambie mwanafunzi atengeneze mashine ya kukamua asali kwa kuzungusha, naye ataitengeneza vizuri kabisa. Lakini mashine hiyo inataka masega yaliyoshikwa na fremu. Sega lililokatwa kwenye mzinga wa gome au gogo likizungushwa linavunjika vipande. Kwa mrina asali wa mizinga hiyo, kinu cha kubana na chujio vingemfaa zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo kabla ya penseli, daftari. Wanafunzi waende mwaloni wakawaulize akina mama wanaoanika: kwa siku unaanika ndoo ngapi? Mvua ikija ghafla unafanya nini, na nani anakusaidia? Kichanja kikivunjika anakitengeneza nani? Usiku chanja kinalala wapi? Majibu huleta mambo ambayo darasani hayafikiriki. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa husimama, hivyo kifaa kinakaa bure siku kadhaa kila mwezi na gharama yake lazima irudi kwenye siku zilizobaki. Tena mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani kiangazi chenyewe. Ziwa likifungwa hivyo, jua linapokuwa tele dagaa hawapo. Anayesanifu kwa kutegemea jua la Julai amesanifu kitu cha maonyesho.

Kisha mahitaji yaandikwe kwa namba. "Kikaushe haraka" hakipimiki. "Kibebe kilo 100 za dagaa wabichi, unyevu ushuke hadi asilimia 15, watu wawili wakifunike ndani ya dakika 5, kitengenezwe kwa nyundo, msumeno na koleo tu" kinapimika chote. Hilo la dakika 5 ni muhimu kuliko linavyoonekana. Vifaa vizuri vingi hushindwa kwa sababu mvua ni nyepesi kuliko mikono.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba subira ya wasomaji kidogo, kwa maana ndipo kazi ilipo. Dagaa mbichi ana maji karibu asilimia 75. Katika kilo 100, nyama kavu ni kilo 25. Ukitaka unyevu wa asilimia 15, gawa 25 kwa 0.85: utabaki na kilo 29 na ushee. Maji ya kuondoa ni kama kilo 70. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka megajuli 2.4 hivi, kwa hiyo jumla ni megajuli 170 kasoro kidogo, sawa na uniti 47 za umeme. Atakayependekeza tanuri la umeme azidishe hizo 47 kwa bei ya uniti, na bado hajahesabu joto linalopotea. Atakayependekeza kuni: kilo moja ya kuni kavu ina megajuli kama 15, tanuri la kawaida likitumia moja ya tano ya joto hilo ni megajuli 3, basi kila kilo 100 za dagaa zitakula kilo 56 za kuni. Msitu gani utavumilia?

Jua je? Siku nzuri hutoa uniti kama 5 kwa kila mita ya mraba. Banda likinasa asilimia 30, ni uniti 1.5, na 47 gawanya kwa 1.5 ni mita za mraba 31. Dagaa wakitandazwa safu moja, mita moja ya mraba hubeba kama kilo 3, kwa hiyo nafasi ya kuwalaza nayo ni ileile, mita 30 na kitu. Siku ya mawingu jua likipungua nusu, eneo linakuwa mita 63 au kazi inakuwa ya siku mbili, na siku ya pili dagaa wasio na chumvi wanaanza kunuka. Hapo wazo la chumvi, lililoonekana dogo, linarudi mezani: chumvi kwanza, banda baadaye. Hakuna kitabu kilichompa mwanafunzi jibu hilo. Limetoka kwenye namba zake mwenyewe.

Baada ya hapo, asijenge mita 31. Ajenge banda dogo lenye chanja cha mita 1 kwa 2, kimo cha kiuno, abebeshe kilo 6 tu. Dagaa hao wakifika kilo 1.8 wako tayari, na mizani ya dukani inatosha kupima kila saa. Kando yake kiwepo chanja cha kawaida chenye dagaa wa mtumbwi uleule, la sivyo hatajua kama kilichosaidia ni banda au ni upepo wa ziwani. Na ajaribu siku ya mvua.

Mambo yatakayoharibika tunayafahamu. La kwanza ni tundu la hewa. Kilo 6 hizo zitatoa zaidi ya nusu kilo ya mvuke kwa saa. Kila mita ya ujazo ya hewa ikibeba gramu 5, zinatakiwa mita za ujazo zaidi ya 100 kwa saa, na hewa ikienda polepole, sentimita 30 kwa sekunde, tundu la kutokea lisipungue sentimita 20 kwa 50. Wengi huacha tundu la kupitisha ngumi ili "joto lisitoke". Mvuke unageuka matone ya maji chini ya nailoni na kuwadondokea dagaa. Joto nalo likipita nyuzi 50 dagaa wakiwa bado wabichi, wanaiva badala ya kukauka, na ukiwagusa wanakatika. Waya wa banda la kuku hushika kutu na kuwachafua. Wavu wa nailoni ni bora. Nailoni nyembamba ya kawaida huchanika kwa jua baada ya miezi michache, kwa hiyo bei ya kuibadilisha iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ombi letu kwa watunga mitihani na waandaaji wa mashindano ya ubunifu ni dogo. Kati ya alama 100, 40 ziende kwa ukurasa wa tatizo, mahitaji yenye namba na mawazo yasiyopungua matatu pamoja na sababu za kuyakataa. 30 ziende kwa jaribio na vipimo vyake, hata kama kifaa kimeshindwa, ilimradi mwanafunzi aonyeshe kimeshindwa wapi. 30 zilizobaki ziende kwa kifaa. Rangi isipewe alama.

Wakufunzi wa ufundi,
Kigoma