Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaskazini: pesa zenu hufika meli ikishaondoka

Mheshimiwa Waziri unaesimamia mambo ya Kaskazini na Aktiki huko Ottawa, salaam.

Najua utashangaa hii lugha. Kwa Kiingereza nimeshaandika mara tatu na mara tatu nikajibiwa na mashine, eti asante kwa kuwasiliana nasi, basi leo nikasema niandike kwa lugha yangu ya nyumbani, Waswahili tumejaa Canada, hatakosekana mmoja humo humo wizarani wa kukusomea. Na ukiona taabu kumtafuta, umeonja kidogo tu. Mzee wa hapa alieongea Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wenyeji wa asili wa huku, maisha yake yote ndio yuleyule tuliyemkalisha mezani mwaka jana aeleze "matokeo yanayopimika" kwa Kiingereza, tena kwenye kijisanduku cha herufi 500.

Mimi mtoto wa Mombasa, naandika hesabu za kikundi kidogo cha jamii huku Nunavut, kaskazini kabisa mwa Canada, Kisiwa cha Baffin. Kijiji sikitaji maana tuko wachache, nikitaja tu kila mtu atajua nani ni nani. Unganisha Kenya na Tanzania bado Nunavut ni kubwa zaidi, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 36,858 basi, wamegawanyika vijiji 25 na hakuna barabara hata moja inayotoka kijiji kimoja kwenda chengine. Kitu kizito kinakuja kwa meli. Barafu inaachia bahari kama mwezi wa saba hivi na kufikia wa kumi mambo yameisha, meli zinapakia huko kusini, Valleyfield na kwengineko Quebec, zikifika huku vijiji vingi havina gati kwa hiyo mizigo inashushwa kwa tishari mpaka ufukweni. Mbao, unga, pampasi za watoto, vipuri, vyote vya mwaka mzima. Hata umeme, Nunavut nzima inawashwa na dizeli inayoletwa na meli hizohizo. Ukikosa meli, imebaki ndege, na bei ya mzigo wa ndege usiniulize nimekula chakula sasa hivi.

Sasa nyinyi mwaka wenu wa fedha unaanza 1 Aprili unafungwa 31 Machi. Hapo ndipo pana balaa yote.

Sisi tuliomba ruzuku mwezi wa 11, mradi mdogo tu, wazee wawafundishe vijana kutengeneza qamutiik, yaani ile sledi, kigari kirefu cha mbao kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na pikipiki ya theluji, ambayo vipande vyake vinafungwa kwa kamba badala ya misumari ili ikipanda barafu iliyovurugika ijinyonge bila kuvunjika. Sledi 12. Tukasubiri. Mwezi wa nane mwishoni tukapata barua ya pongezi, mkataba tukasaini wa tisa, pesa zikaingia benki katikati ya wa kumi, na meli ya mwisho ilishaondoka wiki tatu nyuma! Kwa hiyo mbao tukaagiza kwa ndege na nauli ya mzigo ikala zaidi ya nusu ya pesa, halafu dhoruba ikazizuia Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, zikatufikia mwezi wa pili. Tukapiga hesabu, wiki saba zimebaki kabla ya kufunga vitabu. Zikatoka sledi nne. Na kijisenti kilichobaki kwa ajili ya kamba na posho za wazee ikabidi tukirudishe kwa sababu 31 Machi imefika.

Ripoti ikauliza kwa nini malengo hayakufikiwa. Nikaeleza. Mwaka uliofuata tulipoomba tena tukaambiwa kikundi chetu kina uwezo mdogo na tukapewa semina ya kujengewa uwezo kwa njia ya video, intaneti ikakatika dakika ya kumi na moja. Wallahi nilicheka peke yangu ofisini.

Mheshimiwa, kwetu Pwani hata mtoto alijua majahazi ya Ghuba yanaingia na kaskazi na yanarudi na kusi, hakuna bwana fedha aliemwambia nahodha asubiri upepo mwengine kwa sababu karani hajapiga muhuri. Huku ni vilevile. Barafu haisomi mkataba.

Na mnajua kufanya vizuri mkitaka, hilo ndilo linaloniuma. Ruzuku ya wawindaji iliyoanza 2020 chini ya Nutrition North, mpango wenu wa kupunguza bei ya chakula Kaskazini, mliwapa mashirika ya Wainuit wenyewe wapange, petroli, risasi, nyavu, wao ndio wanajua msimu, na watu wakatoka kuwinda. Aprili 2019 mkaanza kuwapa baadhi ya First Nations, yaani mataifa mengine ya wenyeji wa asili, ruzuku za miaka 10 kwa mkupuo wa makubaliano mamoja. Na 2022 mkatoa sera nzima ya Inuit Nunangat, yaani nchi ya asili ya Wainuit ndani ya Canada. Kwa hiyo msiniambie sheria za hazina haziruhusu, zimeruhusu kwa wakubwa, kikundi kama chetu cha kina mama sita na bibi mwenye cherehani ndio hakijaruhusiwa bado.

Tena mjue barua ya Ottawa yenye ahadi huku inasomwa mara mbili. Watu hawajasahau 1953 na 1955, serikali ilipozibeba familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, ikazipeleka Resolute na Grise Fiord, mbali zaidi kaskazini, kwa ahadi kwamba wakitaka watarudi, hawakurudishwa kwa miaka mingi, na msamaha ukaombwa 2010. Miaka mingapi hiyo. Simaanishi mbao zetu ni sawa na hayo, hapana, nasema tu mkichelewa huku haisomeki kama uzembe wa karani.

Ninachoomba hata si pesa zaidi. Jibu litoke kabla ya mwezi wa nne ili oda ya meli iwahi. Mradi wenye mzigo mzito upewe misimu miwili ya meli bila ya kuomba ruhusa kila Machi kama mtu anaeomba chumvi kwa jirani. Nauli ihesabiwe gharama halali, si "utawala", maana mtu wa Toronto anaenda dukani na pikapu. Na mzee aruhusiwe kuomba kwa sauti, kwa Kiinuktitut, arekodiwe, mtafsiri nyinyi kwa gharama zenu.

Ombi letu la mwaka huu liko mezani kwenu tangu mwezi wa 11, namba ya faili mnayo. Jibu mkiliandika kwa Kiinuktitut itakuwa bora zaidi, bibi wa cherehani atajisomea mwenyewe, kila siku mimi ndio namkatisha tamaa.

Mwandika hesabu,
Kisiwa cha Baffin