Gari ya zamani ipimwe moshi, isipimwe umri

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana hii stori ya moshi wa magari kila ikianza redioni inaishia palepale, ati magari ya zamani yatolewe yote barabarani, na hasa hawa vijana wa Subaru na kelele zao. Sasa mimi ni mmoja wa hao wa Subaru (kijana sidhani tena), nina Impreza WRX ya 1996, ya turbo, na majirani wakiisikia inaingia wanakunja uso, sawa, siwalaumu. Lakini kelele na moshi ni kesi mbili tofauti jamani.

Niliipeleka mahali fulani Kampala wenye mashine ya kupima gesi, wakachomeka ile fimbo kwenye ekzosti, jamaa akaangalia skrini akatikisa kichwa, akasema gari imechoka, uza. Basi. Hakuna karatasi, hakuna namba. Nikang'ang'ana mpaka akanionyesha skrini, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya petroli isiyoungua vizuri, ilikuwa imepita asilimia 4 na mafuta ambayo hayajaungua nayo juu sana. Kumbe kwa mtu anayejua injini hizo namba zinaongea! Monoksaidi ikiwa juu hivyo maana yake injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa, swali linalobaki ni nani anaimiminia, na umri wa gari haumimini petroli.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa Ndeeba, hapohapo Kampala, hata hakufungua kompyuta kwanza. Aliwasha gari, akashika ile paipu ya juu ya rejeta, akangoja kidogo akacheka. Paipu ilipata joto polepole tangu mwanzo na mshale wa joto kwenye dashibodi ukalala chini haupandi, akasema hapa hakuna thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kweli, ilishatolewa zamani, na nyie mnajua mafundi wetu walivyo, gari ikichemka mara moja tu thamostati inarushwa kwenye pipa, ati nchi ya joto haihitaji. Sasa injini za sindano, zinazopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta ya gari, zina sensa ya joto la maji, maji yasipofika karibu nyuzi 80 hiyo kompyuta inadhani bado ni asubuhi injini ndiyo kwanza imeamka, inaendelea kuongeza petroli kutwa nzima. Unalalamika gari inakunywa mafuta, na moshi wa petroli mbichi unawapuliza watoto wa shule pale steji.

Halafu akagonga katalaiza, lile boksi la kusafisha moshi kwenye ekzosti, kwa kiganja, ikalia kama debe tupu. Ndani panatakiwa pawe na sega limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, hayo ndiyo yanageuza gesi mbaya kabla hazijatoka, na kwa sababu ni madini ya bei watu wanazunguka kwenye magereji wananunua. Mwenye gari analeta gari kubadilisha brekpedi, anaondoka na boksi tupu na hajui. Wengine wanajua, wanaambiwa gari itakuwa nyepesi. Tatu palikuwa na ufa kwenye ekzosti kabla ya sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua, unavuta hewa ya nje, sensa inadanganyika inasema petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza tena. Yaani mambo yote matatu yanasukuma upande uleule, na hakuna hata moja lililosababishwa na mwaka 1996!

Tukaweka thamostati, tukachomelea ufa, tukapata katalaiza nzima, plagi na filta ya hewa mpya, oili tukamwaga maana ilikuwa inanuka petroli na huo mvuke unarudi kuungua kwenye injini. Zile dawa za chupa za kumwaga kwenye tangi fundi alizikataa. Alikataa pia ujanja wa kubana petroli ili ipite tu siku ya kupimwa, kwenye injini ya turbo ukibana sana pistoni zinaungua na oksaidi za naitrojeni zinapanda, umeficha sumu moja umefungua nyingine. Kabla ya kurudi kupima akaniambia niikimbize Jinja Road ipate moto hasa, katalaiza haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi 300, na ukikaa foleni gari inanguruma tu inapoa tena unafeli bure. Ikapita, monoksaidi chini ya asilimia 0.3, gari ileile ya kuuzwa.

Mimi sipingi ukaguzi, naupenda kabisa. Ninachopinga ni kuhesabu miaka. Sheria ya Uganda ya 2018 inazuia kuingiza gari lililofika miaka 15, na kodi ya mazingira nayo inaangalia mwaka wa kutengenezwa, haya, hiyo ni mpakani. Ikishaingia nani anauliza tena? Ukaguzi wa lazima ulianza tukauona, kelele zikapigwa mpaka Bungeni ukasimama. Wakati huohuo kuna taksi na malori ya dizeli mapya kuliko Subaru yangu yanatoa moshi mweusi kwa sababu nozo za kupulizia dizeli zimekwisha na pampu imefunguliwa ibebe mzigo zaidi. Dizeli yenyewe tulishaishusha salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, lakini mafuta safi yanaingia kwenye injini ya namna hiyo yanasaidia nini?

Angalieni Uingereza wanavyofanya. Gari ya petroli ya kabla ya Agosti 1975 wanaangalia moshi kwa macho tu, ya kuanzia hapo mpaka katikati ya 1986 inaruhusiwa monoksaidi asilimia 4.5, mpaka 1992 ni 3.5, na zile za katalaiza zilizofuata zinadaiwa kiwango cha chini zaidi, injini ikizungushwa juu. Kila gari inadaiwa kile ilichotoka nacho kiwandani. Kwetu ningeongeza na suala la mwinuko, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari ya karbureta ikiachwa na jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) zilizopimwa kwa hewa ya pwani lazima itoe monoksaidi zaidi, hiyo fundi anairekebisha kwa jeti na bisibisi.

Kwa hiyo Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi itujibu hapahapa gazetini: ukaguzi ukirudi, kiwango kitafuata mwaka wa gari au wote tutapimwa kwa namba moja? Na mwenye gari atapewa karatasi yenye namba za kila gesi ampelekee fundi wake, au ataambiwa tu auze?

Msomaji wenu,
Jinja