Malalamiko kuhusu kisagio cha chumvi chenye meno ya chuma

Tanga

Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA VISAGIO VYA MBAO VYA CHUMVI NA PILIPILI MANGA, SENTIMETA 16

Kasha la seti hii limeandikwa kwamba kisagio cha chumvi kina meno ya seramiki. Hakina. Fungua nati ya juu, toa kichwa, pindua kisagio kisha sogeza sumaku ya kawaida kwenye meno: inanasa palepale. Seramiki hainaswi na sumaku. Mkivifungua vyote viwili na kuweka mitambo yake sambamba, mtaona ni kitu kimoja: pete ya nje ileile, jino la kati lilelile, springi ileile. Kilichotofautisha chumvi na pilipili ni herufi iliyochongwa kichwani tu.

Kwa pilipili manga chuma ni sawa kabisa, tena ndicho kinachofaa. Punje ni kavu, ina mafuta kidogo, na inataka meno makali ya kuipasua kwanza ndipo isagwe. Chumvi ni jambo jingine. Chumvi safi huanza kuvuta maji ya hewani unyevunyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na huku pwani kiwango hicho hupitwa mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Chumvi ya baharini iliyokaushwa juani ina shida zaidi, kwa kuwa hubaki na kloridi ya magnesiamu, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kiasi. Ule utando wa maji ya chumvi ukikaa juu ya chuma cha kawaida, kutu ni suala la muda tu.

Katika kisagio chenu kutu imeanzia kwenye springi, si kwenye meno, na hapo ndipo mtumiaji anapopotezwa. Kazi ya springi ni kulisukuma jino la kati lishuke, wakati nati ya juu inalivuta lipande. Nafasi inayobaki kati ya jino na pete ndiyo inayoamua unga uwe laini au wa chenga. Springi ikishika kutu haisukumi tena, kwa hiyo unalegeza nati, mara moja, mara mbili, na chenga hazibadiliki. Mtu anadhani nati imeharibika, analazimisha, na kichwa cha mbao kinapata ufa. Baadaye ndipo vumbi la rangi ya chungwa linapoonekana ndani ya chumvi.

Kisagio cha pilipili kina kasoro yake, ndogo lakini ya kukera. Mhimili, yaani fimbo ya katikati inayoshika nati, umekatiwa hesi (mikato ya skrubu) fupi: nati inafika mwisho wa hesi kabla haijakibana kichwa, kikabaki na mwanya wa milimita 2 au 3. Matokeo yake ni kwamba huwezi kupata unga laini wa kunyunyizia mayai au supu, punje zinatoka vipande viwili viwili. Kwa mishkaki si neno. Dawa yake ni washa moja, ile pete bapa ya chuma, ya shilingi chache chini ya nati, na ni aibu kwamba mnunuzi ndiye anayepaswa kuitafuta dukani. Vilevile, karatasi ya maelekezo haisemi popote kwamba kichwa kizungushwe kuelekea kulia. Ukizoea kukizungusha kushoto, nati hulegea taratibu, na kipimo ulichokiweka asubuhi jioni hakipo.

Na hiyo karatasi yenyewe inahitaji kuandikwa upya. Inasema kisagio “kisuuzwe kwa maji ya bomba”. Maji yakiingia kwenye mtambo wa chuma hayatoki kwa kufuta, na mbao nayo huvimba na kubana mhimili. Kisagio husafishwa kikavu: kimwage, kigongegonge kwenye kiganja, pitisha brashi ngumu kama mswaki wa zamani, basi. Cha pilipili kikiganda mafuta ya punje, kijiko kimoja cha mchele mkavu kikisagwa kwa chenga kubwa huyafuta, kisha unga huo wa mwanzo unatupwa.

Inasema pia kwamba kinasaga “chumvi ya aina yoyote”. Chumvi laini ya mezani haisagwi, inapita katikati ya meno na kumwagika kila ukikiinua kisagio. Chumvi yenye majimaji hugeuka uji na kuziba. Kinachotakiwa ni chumvi ya mawe iliyokauka, isiyozidi ukubwa wa punje ya pilipili, yaani milimita 4 hivi. Ikiwa na unyevu, ianikwe juani kwenye sinia au ipitishwe kwenye kikaango kikavu, ipoe kabisa ndipo itiwe. Itiwe ya kutosha wiki mbili, si mpaka juu kama mchoro wenu unavyoonyesha. Na hakuna mahali mlipoonya kuhusu jambo linaloua visagio vingi kuliko yote, kusagia juu ya sufuria inayotokota. Mvuke unapanda moja kwa moja kwenye meno. Isagwe kwenye kisahani, kisha inyunyizwe kwa mkono.

Sentensi ya mwisho, kwamba chumvi ya mawe ni “bora kwa afya”, naomba ifutwe. Ni chumvi ileile, na nyingi yake haijatiwa madini joto.

Ninachodai ni hiki. Nipewe mtambo wa seramiki halisi unaoingia kwenye kisagio hiki, pamoja na springi isiyoshika kutu, kwa maana seramiki juu ya springi ya chuma cha kawaida itaturudisha palepale. Kama mtambo huo hamnao, nirudishiwe fedha za seti nzima, si za kisagio kimoja, kwa kuwa mliviuza kama jozi. Kuhusu cha pilipili, washa inatosha. Maneno ya kwenye kasha yarekebishwe kabla ya shehena nyingine kuingia madukani, maana kuandika seramiki pasipo na seramiki ni kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza hilo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, baada ya hapo nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya sumaku ikiwa imenasa kwenye meno, picha ya springi, na karatasi yenu ya maelekezo ikiwa imepigiwa mstari. Kisagio chenyewe sijakisafisha. Kutu iko kama ilivyokutwa, mkitaka kukikagua.

Wenu,
Mteja