Mbwa jike apumzishwe, si kila joto apandishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo hapa Malindi watu washalizoea na halifai kuzoeleka, nalo ni hili la kumzalisha mbwa jike kila anapoingia joto, yaani kila anapotaka dume. Mimi niko kwenye agroveti, wafuga mbwa naonana nao kutwa, na nikisema kila joto sitii chumvi, mtu anauza mtoto wa mwisho wiki hii na wiki hiyo hiyo ashaanza kuulizia dume zuri la Rottweiler liko kwa nani.

Piga hesabu tu. Mbwa anabeba mimba siku 63 hivi, wengine wanatangulia kidogo wengine wanachelewa. Akishazaa ananyonyesha na kulea mpaka wiki 8. Hapo ni miezi 4. Joto nalo linarudi baada ya miezi 6 au 7, sasa ukimpandisha kila joto amebakiwa na miezi 2 au 3 hivi ya kurudisha mwili, damu irudi, nyama irudi, manyoya yaote upya, na hiyo ni kama chakula kipo. Wiki ya 3 na ya 4 baada ya kuzaa, mama mwenye watoto wengi anataka chakula mara mbili hata mara tatu ya kile alichozoea, lakini nyumba nyingi anawekewa ule ule ugali na vichwa vya samaki, sahani ile ile, kana kwamba hakuna watoto 9 wanaomvuta chuchu usiku kucha.

Kuna mmoja aliletwa dukani na tuktuk, mbwa wa aina ya German Shepherd, watoto wake wako kwa katoni ya mafuta ya kupikia. Alikuwa na wiki ya 3 tangu azae. Anahema ulimi nje, miguu imekakamaa, anatetemeka mwili mzima macho yamemtoka, na mwenyewe ameshuka anaomba dawa ya minyoo. Haikuwa minyoo. Kalsiamu ilikuwa imemwishia mwilini, yote inaenda kwenye maziwa, na hiyo haingoji kesho, ukichelewa anaingia degedege na anakufa. Daktari wa mifugo alipigiwa akaja akamdunga kalsiamu kwenye mshipa, polepole sana huku anasikiliza moyo, manake ukiisukuma haraka moyo unaweza kusimama. Alipona alhamdulillahi, watoto wakaondolewa wakawa wanapewa maziwa kwa chupa. Kilichoniuma ni kwamba watoto walikuwa wamenona kabisa, matumbo yanang'aa, na mama yao mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni. Kuulizwa huyu ni uzao wa ngapi, wa 4, na mbwa hajatimiza miaka 3.

Niseme ukweli, hiyo ya kalsiamu hata uzao wa kwanza inatokea, hasa kwa hawa mbwa wadogo wadogo. Lakini jike aliyechoka, asiyelishwa, anaunganishwa mimba kwa mimba, huyo hana akiba ya kupambana na chochote.

Watu wana majibu yao. Wengine wanasema asipozaa atapata ugonjwa wa kizazi. Ni kweli jike asiyefungwa kizazi, yaani hajafanyiwa upasuaji kizazi kikatolewa, anaweza kujaa usaha kwenye kizazi wiki chache baada ya joto, zaidi akiwa mtu mzima, ila kinga ya uhakika ni kufungwa kizazi, si kupewa mimba. Hakuna mbwa anayehitaji kuzaa hata mara moja ndio awe na afya. Wengine waliosoma zaidi wanakwambia kuna madaktari wa uzazi wa mbwa wanaoruhusu joto mbili zifuatane. Wapo, sikatai. Lakini hao wanasema habari ya mbwa aliyepimwa, mwili umerudi, anazaa akiwa bado kijana kisha anafungwa kizazi mapema. Sisi tumeokota ile ya kufuatanisha, ya kusimamisha tumeiacha.

Uingereza, upande wa England, wameliandika kabisa, kanuni za mwaka 2018 zinamzuia mfugaji mwenye leseni kumpandisha jike kabla ya miezi 12, asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, asipitishe mara 6 maisha yake yote, na akishazaa kwa upasuaji mara 2 asipandishwe tena. Kennel Club ya huko huko, chama kinachosajili mbwa, iko kali zaidi, kwa kawaida haisajili uzao wa 5. Sisi Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama na kumnyima chakula, lakini jike azalishwe mara ngapi haisemi. Kwa hivyo hapa imebaki imani ya mtu na tamaa yake.

Mimi ningependa tukubaliane hivi hata kabla sheria haijaja. Joto la kwanza aachwe, huyo bado ni mtoto anakua, na hawa mbwa wa aina kubwa kubwa wangoje wakaribie miaka 2. Mwaka mmoja uzao mmoja. Zikifika 4 basi, na akigonga miaka 6 basi hata kama hazijafika.

Najua kuna shida. Msimu wa watalii ukiisha wenye majumba huko Casuarina wanarudi kwao, mlinzi anaachiwa geti na mbwa na mshahara wenyewe haujulikani unakuja lini, na watoto wa mbwa ni kodi ya nyumba na ada ya shule. Simlaumu mlinzi peke yake. Mwenye nyumba anayemwacha jike miezi bila kumfunga kizazi, na ndani ya ua kuna dume, anajua vizuri kitakachotokea. Na sisi tuliolelewa na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, wala hatuhitaji kumgusa mbwa ndio tumhurumie.

Mnunuzi naye ana nguvu kuliko anavyodhani. Ukitaka mtoto wa mbwa usikubali kukutana stendi upewe kwa katoni, sema unataka kumuona mama. Mtazame mbavu, manyoya, chuchu zimening'inia vipi, uliza amezaa lini mara ya mwisho. Akikataa kukuonyesha nenda zako. Na mtoto wa chini ya wiki 8 usimchukue hata akiwa rahisi.

Tena wanaokosa wanunuzi wanaishia kutupwa, unawaona karibu na soko na kule kwa majaa. Serikali inataka kufikia 2030 kusiwe na Mkenya anayekufa kwa kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa, na hiyo inataka kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Utafika vipi hiyo 70 ikiwa kila miezi michache mtaa unajaa watoto wapya ambao hawajawahi kuona sindano?

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti ya Kilifi ni moja na si ghali. Ile kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa majike iongezwe sehemu ya kuandika tarehe alizozaa, na daktari anapochanja aulize na kuijaza. Mnunuzi akija aombe kadi. Na siku za kuchanja mitaani, Maweni, Barani, Muyeye, Gede, madaktari waandikishe wanaotaka kufungiwa mbwa wao kizazi kwa bei ya gharama tu, manake wengi ninaoongea nao dukani wangefunga, wanashindwa na bei.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhudumu wa agroveti, Malindi