Mmanyema kaposa, shosti

Shosti wangu wa Mbeya,

Za huko kwenye baridi? Voisi zako nimezisikia zote, ile ya mwisho nimeirudia kwa kucheka, najua unautaka ubuyu wote ndo maana nakuandikia kwa kirefu kabla hujaupata kwa mwingine umeshatiwa chumvi. Ni kweli. Mmanyema, yule wangu wa ghalani Dubai, kaposa na wazee wamepokea.

Unaniuliza nilimwaminije mtu wa Badoo, app ya kutafutia wachumba. Si we mwenyewe ulinipa masharti, akiomba nauli block, akikwepa video call block? Sasa hilo la pili ndo lilitaka kuniponza. Kila nikimpigia WhatsApp simu haishiki, sura hamna sauti hamna, yeye anasema huku Dubai kupiga WhatsApp kumefungwa, mi nasema moyoni huyu tapeli kabisa, yupo Manzese huyu. Mpaka nikamuuliza jirani yetu ambaye dada yake anafanya kazi za ndani Abu Dhabi, akaniambia mbona ndivyo, Emirates meseji na voisi zinaenda ila kupiga ndo haipiti, wenzio wanatumia BOTIM. Nikaipakua usiku huohuo. Kupiga tu, huyu hapa, kavaa riflekta ya ghalani, nyuma yake vitanda vya dabodeka, mmoja anapiga pasi, mwingine kalala kajifunika taulo usoni. Tapeli gani anajipanga hivyo shosti? Tapeli angekuwa kwenye sofa.

Basi ndo ikawa hivyo. Na nisikudanganye, mapenzi ya mbali mengi ni stori za kuchosha, umekula nini, zamu imeishaje, bando limebaki kiasi gani. Kwao saa ipo mbele saa moja, mi nasahihisha madaftari saa tatu kwake saa nne, anasinzia na simu mkononi nabaki naangalia dari la chumba chao mpaka mtandao ukatike wenyewe. Wa maneno matamu nilishakuwa nao, unawajua, wakiishiwa maneno na wewe wanakuchoka. Huyu maneno hana, ila mwambie Jumatatu una kikao na mwalimu mkuu, Jumatatu jioni lazima aulize kimeendaje. Hapo ndo alinipata, sio penginepo. Ramadhani ndo tulifaidi maana kule wanapunguziwa saa mbili za kazi, halafu jua lao linazama kabla ya letu, basi anafuturu ananionyesha sambusa kwenye kamera na mi swaumu imenibana, mshenzi kweli.

Alivyokuja likizo alipitia Tanga kabla ya kwao Kigoma (mama yake hajasahau hilo mpaka leo). Nikampokea stendi ya Kange na mdogo wangu kama mlinzi. Mfupi kidogo kuliko nilivyomuwaza. Tukaenda kukaa Raskazone, yani mtu ninayeongea naye mpaka bando linakata, hamna anayefungua mdomo, mdogo wangu anatuangalia tu. Mara meseji inaingia, kumbe ni yeye hapohapo pembeni yangu kaandika "mbona umenuna". Nilicheka soda ikanitokea puani, basi tukafunguka.

Sasa posa. Wazee walitoka Ujiji kwa basi mpaka Dodoma, wakapanda treni ya umeme mpaka Dar, ndo wakaja kwetu Tanga, na mzee mmoja kaisifia hiyo treni kuliko alivyomsifia bi harusi. Barua kwenye leso nyeupe, hela ya kufungulia juu yake, mshenga kazunguka weee, tumekuja kuomba jiko, baba mkubwa anajifanya haelewi, jiko lipi sisi hatuuzi majiko. Mwenyewe alikuwa BOTIM, simu tumeiegesha kwenye chupa ya chai, katoroka kidogo ghalani aone. Mama unajua alivyokuwa, Kigoma mbali, mtu wa mtandaoni, ukoo haujulikani. Wakafungua furushi, migebuka mikavu na dumu la mawese, sebule nzima inanuka samaki, nikamsikia mama anamuuliza mama mdogo wa Mmanyema hii mnaipikaje. Nikajua imeisha hiyo.

Mahari alikuja kuniuliza shangazi chumbani. Nimetaja Msahafu, cherehani ya umeme na hela ambayo siiandiki humu, baba akasema ndogo, nikamwambia mahari ni yangu baba. Pete ni kubwa, nimeizungushia uzi.

Ndoa mpaka mkataba wake uishe. Watu wananiambia nimfuate, wanaona kitu rahisi, kule kumchukulia mke kibali mshahara ufike dirham 4,000 au 3,000 na nyumba, wa ghalani anautoa wapi, na mi ajira yangu siiachi nikakae chumba cha kugawana kwa pazia. Anarudi yeye. Anataka duka la spea za bajaji, mi namwambia alete mawese tuuze, jana tumebishana hilo mpaka akanikatia simu, leo asubuhi kanitumia bei za spea.

Sare bado, shangazi kang'ang'ania zambarau, njoo unisaidie kumgomea. Na usije mikono mitupu, ubebe mchele wa Kyela wa ukweli, huu wa sokoni kwetu wanauita Kyela ila ukiupika haunukii hata kidogo.

Wako,
mke mtarajiwa wa Mmanyema